Siku yangu na mitungi chakavu ya kuzimia moto

Saa 12:30 asubuhi tunapakia gari Tabata: mitungi mipya, mizani, barakoa, miwani, mifuko mizito ya plastiki. Foleni ya Buguruni haina huruma, kwa hiyo tunawahi.

Saa 2 tuko Kariakoo, jengo la ghorofa lenye maduka ya vitenge chini na stoo juu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Sasa hii unaing'oa ya nini, na mshale wa geji uko kwenye kijani?"

Swali hilo nalijibu kwa vitendo. Mshale unaonyesha mgandamizo wa gesi tu, hausemi lolote kuhusu poda, ule unga wa ndani unaozima moto. Nikaupindua mtungi kichwa chini karibu na sikio lake. Poda isiyoharibika utaisikia ikiporomoka. Hapa kimya, halafu ndani kikagonga kitu kizito kama tofali. Imeganda! Pini ingevutwa siku ya moto, ingetoka gesi tupu. Wa pili kitako kimeliwa na kutu, huo haujazwi tena. Mitungi ya CO2, yaani ya gesi ya kaboni dioksidi, haina geji, tunaipima kwa mizani na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye valvu.

Saa 5, tukishusha, kijana wa vyuma chakavu akanisimamisha. "Kaka, niuzie kwa kilo." Nilikataa na nitaendelea kukataa. Mtungi wa CO2 uliojaa una mgandamizo unaozidi mara 20 ule wa tairi la gari dogo. Anayeupiga nyundo au kuukata na grainda anahatarisha maisha yake, na watoto waliosimama pembeni.

Saa 8, karakana. Poda tunaimwagia ndani ya mfuko, nje penye hewa, maana inawasha macho na koo, na ikipata unyevu hula chuma. Mtaroni haiendi hata chembe. CO2 tunaiachia taratibu uwanjani, kamwe si stoo, kwa sababu gesi hiyo hutuama chini na kufukuza hewa. Pembe ya mtungi, ile mdomo mpana inakotokea gesi, hufanya barafu, ukiishika mkono mtupu inakuunguza.

Mtungi ukishakuwa mtupu kabisa tunafungua valvu, kisha tunatoboa tundu ubavuni. Bila tundu hilo mtu ataupaka rangi nyekundu na kumuuzia mama lishe. Baada ya hapo ndipo unakwenda skrepa.

Saa 11 jioni mzee amepiga simu: mdogo wake ana gereji Vingunguti, mitungi ya miaka mingi. Kesho asubuhi niko kwake. Nimemsihi mtu wa skrepa asiiguse kabla sijafika.