XML isiposomeka: anzia kwenye ujumbe wenyewe

Programu ya .NET (jukwaa la programu la Microsoft) inayoita huduma ya SOAP (itifaki ya kubadilishana ujumbe wa XML) ikilalamika kwamba hati ya XML (data iliyofungwa kwa tagi) ina kosa katika (1, 2), yaani mstari wa 1, nafasi ya 2, usikimbilie kodi. Upate kwanza ujumbe wenyewe, baiti kwa baiti, kama ulivyotoka kwenye seva. Weka Fiddler, programu inayorekodi mawasiliano ya HTTP, katikati, au tuma ombi lile lile kwa curl, zana ya kutuma maombi kwa amri, na uhifadhi jibu kwenye faili. Logi ya programu siiamini kwa kazi hii: mara nyingi huonyesha XML iliyokwisha kupangwa upya, na kosa limepotea humo.

Ukifungua faili ukakuta HTML, XML haina hatia. Kagua anwani, proksi au nywila. Jibu la 500 (kosa la seva) lenye elementi (tagi na kilichomo) ya Fault, yaani taarifa ya kosa ya SOAP, lisome mpaka mwisho, maana huenda seva imekwisha kukueleza. Kagua pia heda ya Content-Type: SOAP 1.1 hutumia text/xml, ilhali 1.2 hutumia application/soap+xml, na bahasha (elementi ya Envelope inayofunika ujumbe) za matoleo hayo mawili zina neimspesi (anwani inayotambulisha kundi la majina ya elementi) tofauti.

Neimspesi ndiyo inayopoteza saa nyingi kuliko yote. Hulinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo http://example.org/oda na http://example.org/oda/ ni vitu viwili. Tofauti hiyo ikiwa kwenye elementi ya mzizi, utaambiwa kwamba elementi hiyo haikutarajiwa. Mara nyingi hilo ndilo kosa la (1, 2). Ikiwa kwenye elementi ya ndani ni hatari zaidi, kwa kuwa XmlSerializer, klasi ya .NET inayogeuza XML kuwa objekti, huiruka kimya kimya na thamani hubaki null (bila kitu). Sajili tukio la UnknownElement uandike kila kilichorukwa kwenye logi. Mistari mitatu tu ya kodi.

Ukimya wa namna hiyo upo pia kwenye DataContractSerializer, klasi nyingine ya .NET ya kazi hiyo hiyo. Hutarajia elementi kwa mpangilio wa alfabeti, isipokuwa umeweka Order (namba ya nafasi ya kila elementi). Seva ya Java ikituma Jina kabla ya Idadi, Idadi itabaki 0 bila kosa lolote kutokea. Fuata mpangilio wa xs:sequence ulio kwenye WSDL, hati inayoeleza huduma.

Kwenye thamani, elementi tupu ya <Idadi></Idadi> si namba, na msomaji wa int (namba kamili) ataikataa. Iache kabisa iwapo skima (kanuni za muundo wa XML) ina minOccurs="0", yaani elementi inaweza kukosekana, au weka xsi:nil="true" iwapo ina nillable="true", yaani inaruhusiwa kuwa null. Buliani (thamani ya ndiyo au hapana) ni true, false, 1 au 0. True yenye herufi kubwa haikubaliki. Desimali hutumia nukta, hata kama mashine imewekewa lugha inayotumia mkato.

Kosa likija siku moja na kutoweka kesho yake, shuku data. XML 1.0 inakataza herufi zote zilizo chini ya 0x20 isipokuwa 0x09, 0x0A na 0x0D. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word huweza kubeba 0x0B, na kuiandika &#x0B; hakusaidii, nayo imekatazwa vilevile. Isafishe kabla ya kutuma.

Na kosa likitokea wakati XmlSerializer inaundwa, ujumbe hauhusiki. Fuata InnerException (kosa lililo ndani ya kosa) mpaka ya chini kabisa: utakuta klasi isiyo na konstrakta isiyohitaji parameta, sifa ya aina ya IDictionary (orodha ya funguo na thamani zake), au klasi mbili zenye jina moja la XML.