Wanaotaja bei ya chini, mimi nawajibu hivi

"Yaya, dola mbili, nakuja kuichukua leo." Ujumbe wa namna hiyo huingia WhatsApp kila nikiweka picha ya sarafu ninayoiuza, faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961: upande mmoja ndizi, upande mwingine ule msalaba wa shaba ambao wazee wetu waliufanyia biashara kabla Wabelgiji hawajafika. Hapa Lubumbashi, mji wa shaba, siitoi kwa bei ya mkate.

Lakini sikasiriki. Wengi wanapima tu. Namjibu: "Asante ndugu, ni kumi, nikikupunguzia sana, nane." Kisha namtumia picha nyingine, niliyopiga mlangoni asubuhi, ukingo uonekane, mikwaruzo nayo ionekane. Mnunuzi wa kweli hapo anauliza kama imesuguliwa. Haijasuguliwa, ina kahawia yake ileile. Jamani, msing'arishe sarafu kwa ndimu! Wakusanyaji wanaikimbia.

Anayeng'ang'ania mbili namtakia siku njema, basi. Na faranga 2 ya mwaka 1943, ile ya pembe sita yenye tembo, sina haraka nayo: bei yake siipunguzi.