Gunia Lililofungwa kwa Kanga

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno usharikani kwetu. Mnaoujua mnada wetu mnajua: ibada inaisha saa nne na nusu, watu wanatawanyika saa nane, na jogoo mmoja anauzwa mara tano kwa sababu kila anayemshinda mwenzake anamrudisha mezani. Binti yangu, ambaye siku hizi ana hela zake, akanunua sado mbili za mahindi kwa shilingi 12,000. Akaja nazo garini, akafungua mfuko, akakunja uso.

"Baba, mbona yananuka kama togwa?"

Nikatia mkono. Mahindi makavu ukiyashika yanateleza na kulia kama kokoto. Haya yalitulia kiganjani, kimya. Nikamwambia afunge mfuko, tukaondoka. Kutoka pale hadi Kimara sikusema kitu, na yeye akadhani nimeudhika kwa ile elfu kumi na mbili.

Harufu ile nilikutana nayo Tandale, kwenye soko la nafaka la Dar, alfajiri ya Januari 2018, siku tuliyoshusha mzigo wa ghala la Gairo, Morogoro.

Wazo la ghala halikuwa baya. Mkulima wa kule anavuna Juni na Julai, anauza hapo hapo shambani kwa bei ya mlanguzi kwa sababu anadaiwa na kwa sababu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, hasubiri, halafu Februari ananunua mahindi ya aina ile ile kwa bei ya juu kabisa. Kanisa likasema litavunja mzunguko huo. Sisi wa Dar tukachanga fedha za mifuko na za kianzio. Mtaa wa kanisa wa kule ukatoa jengo lililokuwa la shule ya Jumapili, likapigwa chaga za mbao ili gunia lisiguse sakafu, na magunia yakapangwa mbali kidogo na ukuta ili mtu apite na kuona. Mwanachama analeta gunia la kilo 100, hakuna lumbesa, anapewa kianzio cha shilingi 20,000 papo hapo, na kilichobaki anakipata baada ya mauzo ya Januari.

Mifuko ilikuwa ile ya tabaka tatu: miwili ya nailoni ndani, salfeti nje. Mmoja ulitugharimu karibu shilingi 5,000, na ukiutunza unautumia misimu miwili au mitatu. Kabla ya kuujaza unaupuliza mfuko wa nailoni kama puto, unausokota mdomo, unaukandamiza na kutega sikio. Ukisikia fyuu, huo hauna kazi tena. Unamimina debe moja moja, unatikisa yashuke kwenye kona, unaacha mdomo mrefu wa kutosha kusokota, unakamua hewa, unasokota, unakunja mara mbili, unafunga kwa kamba. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha salfeti. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa yao wenyewe na kufa. Hakuna dawa, na ndiyo maana akina mama waliupenda.

Ila mfuko ule haukaushi. Unatunza ulichoweka. Ukiweka kavu utakuta kavu, ukiweka bichi utakuta kitu kingine.

Kupima ukavu ilikuwa kazi yangu. Kipima unyevu cha betri hatukuwa nacho. Tulikuwa na chupa. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi hadi theluthi, unaongeza chumvi vijiko vitatu vya chakula, unafunika, unatikisa kwa dakika moja, unaiacha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo. Chumvi yenyewe lazima iwe kavu, la sivyo itaganda hata ukiweka misumari. Kwa hiyo kila asubuhi niliikaanga kwenye sufuria ya mke wa mwinjilisti, naye akawa ananiuliza kama mchuzi utafuata.

Kipimo hicho kina mtego ambao nilijifunza kwa kuchelewa. Chini ya 15 si 13, na mahindi yanayokwenda kufungiwa miezi sita bila hewa yanataka 13 au karibu sana na hapo. Chupa haikuonyeshi tofauti hiyo. Halafu kuna suala la mahali pa kuchota. Mimi nilichota kwa mkono, juu ya gunia, ambako jua la njiani limeshapita. Waliokuwa na akili walikuwa na bambo, kile chuma chenye mfereji kinachozama hadi tumboni mwa gunia na kurudi na mahindi ya ndani. Bambo tulilipangia bajeti, kisha fedha yake ikaenda kwenye kufuli la ghala.

Na kuna kosa kubwa kuliko hayo, ambalo halikuwa la chupa wala la bambo. Kianzio kilitolewa siku ya kuleta. Mtu anayedaiwa dukani, ukimwambia elfu ishirini kwa gunia inapatikana wiki hii, hatasubiri mahindi yamalize siku nyingine nne kwenye turubai. Anaanika yakiwa mazito kama godoro, wakati yanatakiwa yawe membamba, vidole viwili tu, na kugeuzwa kila nusu saa. Jioni anayakusanya. Tuliweka fedha mbele ya jua, na watu wakafuata fedha. Ungekuwa wewe?

Siku ya mwisho ya kupokea, saa kumi jioni, alifika mama mmoja mtu mzima na magunia matatu juu ya mkokoteni. Nyuma yake foleni ya watu tisa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, si yamekauka?"

Chupa inataka dakika 15. Nikachukua punje moja, nikaing'ata. Ikalia ka! Nikamwambia, "Yamekauka, Mama."

Kamba za katani zilikuwa zimetuishia. Yeye hakungoja, akachana ukingo wa kanga yake iliyochakaa, vipande vitatu, akafunga magunia yake mwenyewe, mafundo ya nguvu, ya mtu aliyefunga kuni maisha yake yote.

Majina hatukuandika kwenye magunia. Leo namwambia kila mtu aandike: jina, tarehe, uzito. Lakini mwinjilisti alikuwa amehubiri Matendo ya Mitume sura ya 2, walioamini wote walikuwa na vitu vyote shirika, na ilionekana aibu kuanza na peni ya kutenganisha.

Miezi ikapita. Mwaka ule haukuwa wa kungoja bei. Mavuno yalikuwa mazuri, na Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka, ikasema anayetaka kuuza nje auze unga. Tulishika mzigo tukisubiri Januari ipandishe, Januari ikaja mikono mitupu. Kufikia hapo wanachama walitaka fedha kwa bei yoyote. Tukakodi Fuso, tukapakia magunia 96.

Hapo ndipo pa kosa jingine. Mahindi yalitakiwa yahamishwe kijijini, kutoka mifuko ya tabaka tatu kwenda salfeti za kawaida, ili mifuko ya gharama ibaki kule na sisi tuone tunachokisafirisha. Salfeti za kawaida hazikufika kwa wakati, dereva akaanza kudai fedha ya kulala. Tukapakia yakiwa yamefungwa.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa Tandale. Giza, tope la mvua ya usiku, makuli wamekaa juu ya magunia wanakunywa kahawa. Mwinjilisti alikuwa amevaa koti la Jumapili, na katibu wa kikundi, mzee aliyeijua Dar mara ya mwisho enzi za mabasi ya UDA, ameshika daftari kifuani kama Biblia. Dalali wetu akaja na kijana wake mwenye bambo.

Yule kijana hakuuliza. Alipanda juu ya gari akaanza kuchoma. Kila alipochoma nilisikia mfuko ukipasuka, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na kila mlio ulikuwa mfuko wa shilingi 5,000 unaokufa. Anachoma, anageuza mkono, anachomoa, mahindi yanateleza kwenye mfereji hadi kiganjani, meupe, anayarusha hewani kidogo, anadaka, anasema "safi" bila kumtazama mtu. Safi. Safi. Tukaanza kupumua. Katibu akawa anaweka alama daftarini kila neno linapotoka.

Kisha bambo likaingia na halikutoa kitu. Kijana akaligeuza, akalivuta, likaja limeziba. Akaligonga kwenye bodi ya gari. Kikaanguka kipande, si punje. Kipande, kama kashata iliyoharibika. Harufu ikashuka hadi chini tulipokuwa. Togwa lililopita siku zake. Kuli mmoja akasema kwa sauti, "Mmeleta pombe!" wenzake wakacheka, wakasogea waone.

Dalali akaagiza lishushwe na kufunguliwa. Likatua miguuni kwangu. Nikainama nifungue mdomo, na vidole vikakutana na kitambaa. Fundo lilikuwa limekaza mno hata ilibidi nitumie meno. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope la Tandale, meno kwenye kipande cha kanga, na taa ya simu ya mwinjilisti inanimulika kwa nyuma. Kwenye kile kipande zilisomeka herufi chache za jina la kanga: HAMTUPI. Sentensi yote mnaijua.

Ndani, katikati ya gunia, yalikuwa na joto. Kwenye kona moja ya chini, ambako nadhani nailoni ilitobolewa na msumari wa chaga, yalikuwa ya kijani.

Yalipatikana matatu. Sikuhitaji kuhesabu mafundo.

Katibu akaniuliza, "Umeyatambua ni ya nani?"

Nikamwambia, "Hayana majina, Mzee."

Dalali hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba sasa itabidi kila gunia lifunguliwe na kupakiwa upya, na kazi hiyo ina malipo. Akakata shilingi 3,000 kwa kila gunia katika yale 93. Shilingi 279,000, mbali na matatu yaliyokufa. Hayo matatu alisema atayachukua kwa bei ya chakula cha kuku.

Hapo tulisimama muda mrefu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu wa nafaka, kule Dodoma na Manyara, jirani kabisa na tunakotoka. Kupika hakuiondoi, na kuku akila, nayo huweza kufika kwenye yai. Si kila ukungu una sumukuvu, na kwa macho huwezi kujua, lakini hapo ndipo penye tatizo: hatukuweza kujua. Katibu aliitaka ile fedha, nami sikumlaumu. Mwinjilisti akasema hapana.

Kutupa kilo 300 za mahindi Dar es Salaam si rahisi kama mnavyofikiri. Ukiyamwaga mahali, kufikia saa tatu yameshazolewa na yako sokoni au chunguni. Ilibidi tununue oili chafu kwa fundi wa magari, debe zima, tuyamwagie mbele za watu. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo alisimama akatutazama mpaka mwisho. "Mna laana nyie," akasema, akaenda zake. Mwinjilisti alilivua koti lake. Nadhani joto.

Kikao cha kugawana kilifanyika Jumamosi iliyofuata, chini ya mwembe wa kanisa. Hasara iligawanywa kwa kila gunia, kama Matendo ya Mitume. Watu walinuna lakini wakapokea. Yule mama alikuwa mstari wa pili. Nilikuwa nimepanga kusimama na kusema kwamba mpimaji ni mimi, kwamba siku ile sikuweka chupa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nikaangalia daftari langu.

Akaombwa yeye afunge kwa sala. Akashukuru kwa mvua, akaombea wagonjwa, akaombea madereva. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Na yule aliyetuangusha, Bwana, unamjua. Usimtaje."

Tukaitikia amina. Alipofungua macho alikuwa anatazama upande wangu, ila nyuma yangu kulikuwa na barabara, na wote walikuwa wanatazama huko, gari la mkaa lilikuwa linapita.

Msimu uliofuata tukahamisha kianzio: nusu siku ya kuleta, nusu wiki mbili baadaye, baada ya kupimwa mara ya pili. Bambo tukanunua. Ghala bado lipo, ingawa mwaka jana waliliazima kwa harusi.

Jumapili ile usiku binti yangu aliuliza kama ayapeleke mashineni asubuhi. Nikamwambia asubiri. Nikatafuta chupa, nikaisuuza, nikaiweka juu ya jiko ikauke, nikachukua chumvi kabatini. Chumvi ya Dar, na unyevu huu wa bahari, ilikuwa imeshikana kama jiwe.

"Baba, unafanya nini?"

Nikawasha jiko, nikaanza kuikaanga.