Pua ya Mkemia

Miaka ile, Nakuru haijatangazwa kuwa jiji, nilikuwa karani wa rejista katika kituo cha kupozea maziwa cha chama kimoja cha ushirika upande wa Njoro. Mkulima akifika jukwaani naita jina na nambari yake kwa sauti, maziwa yanapimwa, naandika kilo, namkatia kikaratasi. Basi. Mtungi wa kwanza ulifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na baridi inayoshuka kutoka Mau Narok saa hizo haiwahurumii watu wa kalamu.

Mpimaji wetu tulimwita Mkemia. Kemia hakuwahi kuisomea. Alianza kwa kuosha mitungi, akapanda polepole, na kilichompandisha kilikuwa pua. Alikuwa akifunua kifuniko, anainama papo hapo kabla harufu haijatoroka, anavuta pumzi moja fupi, kisha anasema neno moja kati ya mawili: "Mimina" au "Rudisha." Aliyembishia aliletewa spiriti. Maziwa kidogo, spiriti kiasi hicho hicho, unatikisa. Yakifanya chembechembe, yameanza kuchacha na hayafai kuingia tangini. Mara nyingi spiriti ilikubaliana na pua.

Niseme mapema kwamba Mkemia hakuwa mla rushwa. Wapo watakaosoma hadithi hii wakidhani wanajua inakoelekea, kwa sababu sote tumeona mizani zikichezewa. Huyu hakuchukua hata chai ya mtu. Kosa la mwenzake wa zamu ya jioni aliliripoti kama ambavyo angeripoti lake. Ndiyo maana yaliyotokea yalinishangaza, na ndiyo maana bado nayafikiria.

Nyuma tu ya kituo aliishi bibi mmoja tuliyemwita Shosho, kama wanavyoitwa mabibi wote huku. Ng'ombe mmoja. Alikamua saa kumi na moja unusu, akavuka barabara, na maziwa yake yalifika jukwaani bado yanafuka mvuke. Aliyaleta kwa jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia. Sheria ya kituo ilitaka mitungi ya alumini au ya chuma, kwa sababu plastiki ina kona na mikwaruzo isiyofikiwa na brashi, na harufu ya jana hukaa humo. Meneja alimvumilia maana alikuwa mzee na lita zake zilikuwa chache.

Kuna siku Mkemia alidumbukiza laktomita, kile chombo kinachoelea cha kupimia kama maziwa yametiwa maji, kwenye maziwa ya Shosho ikazama hadi 25. Kituo chetu kilitaka 28 kwenda juu. Chini ya hapo, mtu alidhaniwa ameongeza maji. "Rudisha." Kesho yake tena hivyo hivyo. Baadaye hata laktomita hakuishika. Alikuwa akiiona jerikeni ikivuka barabara anaanza kutikisa kichwa, na mimi nikishaita jina anafunua, ananusa, anakunja uso. "Yamechacha pia," alisema asubuhi moja. Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele nusu saa nyuma!

Shosho alikuja kulalamika ofisini, akasimama mlangoni bila kukubali kiti.

"Mwanangu," akamwambia meneja, "maji mimi nauziwa na watu wa punda, tena kwa mtungi. Ninunue maji, niwatilie nyinyi ndani, mnirudishie yote? Hiyo ni biashara ya mtu mwenye akili?"

Meneja alicheka. Mkemia hakucheka. Aliponisimulia baadaye alisema, "Umeona anavyojibu? Ameshapanga maneno yake." Nikajua bibi yule amekwisha. Angenyamaza, ingesemwa amenaswa. Amejibu vizuri, basi ni mjanja.

Upande wa pili wa mizani alikuwapo Mwalimu. Mwalimu mkuu mstaafu, ng'ombe wa gredi, pikapu nyeupe iliyooshwa, mitungi ya chuma inayong'aa hadi unajiona. Alimsalimia kila mtu jukwaani, mpaka mlinzi. Mtungi wake ulifunuliwa na kufunikwa kwa mwendo mmoja. Mwaka 1920, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Edward Thorndike aliandika kuhusu maofisa wa jeshi walioombwa kuwapa askari wao alama, kila sifa peke yake: umbo, akili, uongozi, tabia. Alama zikatoka zimeshikana kupita kiasi. Aliyepewa nyingi kwa umbo alipewa nyingi pia kwa akili, kana kwamba ofisa alimwona mtu mzima mzima kwanza, akaujaza ule ubao wa sifa kutokana na picha hiyo. Nilimsoma Thorndike miaka mingi baadaye na nilichokiona kichwani kilikuwa pikapu nyeupe.

Mwezi huo alikuja kwetu msichana wa chuo kikuu cha Egerton, pale pale Njoro, kwa mafunzo ya kazi. Mdogo wa umbo, gamboti kubwa kuliko miguu. Siku za kwanza alipewa kuosha vikombe. Alikuwa anaosha huku anatazama.

Aliponiuliza swali lake la kwanza la maana, lilikuwa dogo sana. "Karani, mbona sioni kipimajoto hapa mezani?"

Kilikuwapo, kwenye droo, chini ya risiti. Laktomita yetu ilitengenezwa isome maziwa ya nyuzi 20. Maziwa yakiwa na joto huwa mepesi, chombo kinazama zaidi, na unasoma namba ya chini kuliko ilivyo. Kanuni inayofundishwa ni kuongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20. Wakulima wengi wa kwetu hawakuhitaji hesabu hiyo. Maziwa yao yalisafiri kwa bodaboda na pikapu kwenye upepo wa alfajiri, yakafika yamepoa. Aliyeishi karibu zaidi na kituo ndiye aliyeonekana mwizi, kwa sababu ya ukaribu wake.

Asubuhi iliyofuata msichana alimwomba Shosho asubiri. Akachovya kipimajoto: 32. Laktomita: 25. Akapiga hesabu kwenye kiganja, akapata 27.4. Mkemia akaitazama namba hiyo, akasema kwa upole, karibu kwa huruma, "Bado haijafika."

"Bado," msichana akakubali. "Tuyapoze."

Akaweka silinda yenye maziwa hayo kwenye beseni la maji baridi. Akaeleza kwamba maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana hewa ndani, na mafuta yake bado hayajakaza, kwa hiyo hata ukirekebisha joto bado yatasoma pungufu kidogo mpaka yatulie. Foleni ikanung'unika. Mtu wa bodaboda mmoja, mcheshi aliyependwa na jukwaa zima, akauliza kama ni maziwa au ni maiti yanayosubiri kuzikwa, tukacheka. Kipimajoto kilipofika 20, laktomita ilikuwa imeinuka yenyewe hadi 29.

Mkemia aliisoma. Akainama akaisoma tena jicho likiwa sambamba na uso wa maziwa, kama inavyotakiwa. "Maji hayamo," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye jerikeni. "Lakini harufu imo. Hiyo siwezi kusema haimo. Naisikia."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa sikuwa na maneno ya kulisema. Nilikuwa nimedhani ananusa vizuri halafu anaamua vibaya. Sivyo. Aliinusa kweli. Kwake ukali ule ulikuwa ndani ya maziwa, si ndani ya fikra zake.

Wakati wa chai msichana alitusimulia jambo alilofundishwa darasani. Huko Bordeaux, Ufaransa, watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo divai nyeupe, wakaieleza harufu yake kwa maneno ya divai nyeupe. Wakaja kupewa divai ile ile, imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2001.

"Hao ni walevi," Mkemia akasema, akachovya mkate.

"Ni wataalamu, mzee. Wanasomea kunusa kama wewe unavyojua kunusa."

Hakujibu. Lakini jioni alimwambia, mbele yangu, "Haya, niletee hiyo mitego yako. Nitaiona."

Siku ya kujaribiwa, mimi na msichana tulifika mapema. Maziwa yalipokelewa nyuma, Mkemia akiwa amekaa ofisini na meneja. Msichana alichota kutoka kila mtungi kwa upawa uliochemshwa, akatia kwenye vikombe vya chuma vinavyofanana, akavifunika kwa visahani, vikaachwa vifikie joto moja. Mimi niliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa rejista kikombe kipi ni cha nani. Kwa Mwalimu alichota mara mbili, akaviweka vikombe hivyo mbalimbali mezani. "Ukisema, nitakuchukia," akaniambia. Nikaogopa hata kumtazama Mkemia usoni.

Alipoingia alijisafisha pua kwa leso, akatoka nje kidogo kuvuta hewa safi, akarudi. Mtu wa kazi yake. Pua ikikaa kwenye harufu moja inaizoea na kuacha kuisikia, na hilo alilijua kabla ya chuo kikuu chochote kumwambia. Akaanza. Mimina, mimina, mimina. Kwenye kimoja akasimama, akarudia, akanusa hadi sauti ya pumzi ikasikika. "Spiriti," akasema. Yaliletewa spiriti, hayakuganda. Kilikuwa kikombe kimojawapo cha Mwalimu. Kile kingine cha Mwalimu alikuwa ameshakipitisha bila kuinua nyusi.

Karibu na mwisho wa meza alifunua kimoja, akakisukuma mbali kabla hata hajanyooka. "Rudisha. Haya ya jana jioni yamechanganywa na ya leo." Spiriti ikatiwa, yakaganda pale pale, chembe nyeupe zikashika ukuta wa kioo. Pua ilikuwa pua. Nikachungulia orodha yangu: yalikuwa ya yule mcheshi wa bodaboda. Miezi iliyopita tangi zima lilikuwa limechacha, lori la kiwanda likakataa kubeba, na hatukujua ni maziwa ya nani. Siwezi kusema ni yake. Ninachoweza kusema ni kwamba kila akifika jukwaani tulikuwa tunacheka, na mtungi wake ulikuwa unafunuliwa katikati ya kicheko.

Cha Shosho alikuwa amekipitisha zamani, kati ya vile vya kwanza. Alikinusa, akakionja hata kwa ulimi na kutema, akasema, "Haya ni mazuri."

Nilimsomea orodha. Sikufurahia kazi hiyo. Aliposikia la Shosho akachukua kile kikombe, sasa akijua ni cha nani, akanusa tena. Akakaa nacho. "Sasa naisikia," akasema. "Kwa nini sasa naisikia?" Hakuwa anatania, na hakuna aliyecheka. Mwaka 2005 watafiti wa Oxford walichapisha jibu linalokaribia: waliwanusisha watu harufu moja, mara ikiandikwa kwamba ni jibini, mara kwamba ni jasho la mwili. Ilipoitwa jibini iliwapendeza zaidi, na picha za ubongo zikaonyesha kwamba hata sehemu zinazoshughulikia harufu ziliitikia tofauti. Neno lilikuwa limefika mpaka huko. Kwenye jukwaa letu, mwenye kulitamka hilo neno kila asubuhi, kwa sauti kubwa, kabla kifuniko hakijafunuliwa, alikuwa mimi.

Mkutano wa kuamua cha kufanya ulikuwa mrefu kuliko jaribio lenyewe. Msichana alitaka niite nambari tu, bila majina. Mkemia alikataa, na kwa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipangua. "Ng'ombe akidungwa sindano ya kiwele, dawa inatoka kwenye maziwa. Haina harufu. Spiriti haiioni, laktomita haiioni. Mimi nitajua vipi nisipojua ni ng'ombe wa nani na alitibiwa lini?" Ni kweli. Maziwa ya siku za dawa hayatakiwi kuuzwa, na kinga pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa kuwajua watu na ng'ombe wao. Jina lililompotosha puani ndilo lililokuwa linatulinda tangini.

Tukakubaliana kugeuza mpangilio. Naita nambari, ananusa, anatamka uamuzi wake, naandika. Ndipo nasoma jina, na daftari la matibabu linaangaliwa kabla ya kumimina. Kipimajoto kikafungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mitungi ikawa inafunuliwa na kijana mwingine, Mkemia akiwa nyuma ya kizuizi, analetewa kikombe. Ilichelewesha foleni, na madereva wa pikapu walitutukana vya kutosha.

Aliyelalamika zaidi ya madereva alikuwa Shosho. Alisimama mbele yangu na jerikeni yake (mtungi wa alumini alikuja kuununua kwa mkopo wa sako, baadaye sana) akakataa kuitikia nilipoita nambari.

"Nina jina," akasema.

"Shosho, ni kwa faida yako."

"Nambari ni za ng'ombe. Wangu anayo sikioni. Mimi niite jina, kisha nirudishie maziwa ukitaka."

Meneja akaamua wakulima waamkiwe kwa majina yao nje ya lango, kwa heshima zote, na nambari ianze wakishapanda jukwaani. Kazi hiyo ya langoni nikapewa mimi, juu ya rejista, bila nyongeza ya mshahara. Nilipopata kazi Kisumu na kuondoka, zamu ya asubuhi ilikuwa bado inatumia nambari. Zamu ya jioni ilikuwa imesharudia majina, kwa sababu ya haraka.