Toa Kwanza

Jumapili mimi na wanangu tulikuwa tunakwenda Sengerema kwa bibi yao. Basi lilipopanda Daraja la Magufuli, kitinda mimba wangu akanivuta kitenge: "Mama, unahesabu nini?" Midomo yangu ilikuwa inacheza bila mimi kujua. Nikamwambia nahesabu pumzi. Akaona ni mchezo, akaanza na yeye, kwa sauti, basi zima likimsikia.

Daraja lile ni kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 2025, na siku hizi kutoka Kigongo hadi Busisi ni dakika chache tu. Zamani ilikuwa foleni ya magari, abiria kushuka, kukata tiketi, kusubiri juani mpaka kivuko kirudi. Nyumbani walishasema daraja likikamilika nitapona hofu yangu ya kuvuka ziwa. Mama mkubwa aliniombea kwa maneno hayohayo. Nami niliamini.

Turudi Oktoba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka Septemba 20 karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakapoteza maisha, na Mwanza yote haikuwa na mazungumzo mengine. Ukienda Mwaloni kununua samaki ni hayo, ukipanda daladala ya Buhongwa ni hayo. Baba mdogo alifia kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama. Tangu Mei 21, 1996, kwetu meli ikizama haijawahi kuwa taarifa ya redioni tu. Tuna kaburi la kwenda kulisafisha Igoma.

Hata hivyo nilipanda kivuko cha Kigongo nikiwa mzima. Nilikuwa nawaza sare ya sendofu ya binamu yangu, kwamba fundi kaibana kiunoni. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani hofu ya namna hii huanza na wazo baya. Kwangu ilianza na vidole.

Vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, kisha vya kulia, kisha midomo. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kifua kikabana. Nikivuta hewa naiona haifiki inakotakiwa, navuta tena, haifiki. Sauti za watu zikawa zinatoka mbali, na jua likawa jeupe mno. Nikajua nakufa. Nilijua hivyo kwa uhakika kabisa, nikiwa nimesimama kati ya basi letu na lori la ng'ombe, wanangu wako Nyakato wanacheza na hawana habari. Miguu ikaniishia, nikakaa chini kwenye chuma cha moto.

Watu wakajaa. "Presha hiyo!" "Mpepeeni." "Ana mimba?" Kaka mmoja akaanza kukemea mapepo. Wote walinitakia mema, na wote walinipigia kelele ileile: vuta pumzi, dada, vuta! Nami nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo vidole vilivyozidi kujikunja na kukakamaa, nikashindwa hata kushika mkono niliopewa.

Ndipo akaja mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Akawasogeza watu kwa kiwiko, akaigeuza ndoo nyingine tupu, akakaa nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni pangu. Hakuniuliza jina.

"Umejaa," akasema. "Hewa unayo, imekujaa. Toa kwanza."

Sikumwelewa. Akarudia taratibu, mdomo karibu na sikio langu: "Toa, mwanangu. Puliza kama unapoza uji wa mtoto. Ukipuliza kwa nguvu utaumwaga."

Nikapuliza. Ilitoka kwa kukatikakatika. "Bado imebaki. Toa." Nikatoa tena, polepole, mpaka nikahisi tumbo limeingia ndani. Ilipokwisha kabisa, kifua kikavuta chenyewe, bila kuamriwa na mtu, na kwa mara ya kwanza ile hewa ikafika. Nililia pale. Yeye akaendelea tu: "Toa." Kiganja hakikuondoka.

Baadaye akasema, "Kaza ngumi. Kaza! Haya, achia." Kisha mabega, kuyapandisha hadi masikioni na kuyaangusha. Kisha akaniuliza naona nini. Nikasema ng'ombe. Wa rangi gani? Mwenye baka je, amelala au amesimama? Akaniuliza mnandi aliyekaa kwenye chuma cha pembeni anatazama wapi, na magugu maji yanaelekea upande gani. Kila nikitaka kurudi ndani ya kifua changu, ananiuliza kingine.

"Umejifunzia wapi, mama?" nilimuuliza sauti iliporudi.

Mume wake alikuwa mvuvi wa dagaa. Siku za giza, wanaume wakiingia ziwani na taa zao, yeye hulala chali akipuliza hivyo hivyo mpaka alfajiri. Hakufundishwa na mtu. Kivuko kikagusa Busisi, akajitwika ndoo, akapotea kwenye watu.

Sendofu ilipita, nilicheza, sikumwambia mtu. Ikanirudia kwenye foleni ya benki, nchi kavu kabisa, nikaenda hospitali. Moyo ulipimwa, uko salama. Maumivu ya kifua si kitu cha kukisia nyumbani. Daktari akanieleza kwamba ukivuta hewa haraka haraka unapoteza kaboni dioksidi kuliko inavyotakiwa, na ndiyo maana ya ganzi, kizunguzungu na vidole kukakamaa, huku wewe ukidhani umekosa hewa. Akanifundisha kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Kukaza misuli na kuilegeza, akasema, kulifundishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, tangu miaka ya 1920. Nikamfikiria mama wa dagaa, aliyeifikia elimu hiyohiyo akiwa peke yake gizani.

Ila kuna jambo ambalo daktari aliongeza, na bado linanisumbua. Alisema wimbi la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Nikihesabu pumzi ili kuikimbia hofu, mwili hautajifunza kamwe kwamba haiui. Anataka siku moja nivuke bila kuhesabu, niiache ije na iondoke.

Sijafanya hivyo. Kwenye kivuko kile sijui hasa kilichoniokoa, kama ni pumzi au ni kile kiganja. Nikiwa peke yangu kupuliza hunisaidia mara nyingi, na mara nyingine hakunisaidii kitu. Na sasa nina mtoto anayehesabu pamoja nami, na sitaki ajifunze kwangu kwamba daraja ni kitu cha kuogopwa. Au labda ni vizuri ayajue haya mapema kuliko mimi. Nitamuuliza daktari kliniki ya mwezi ujao.