Kile kikaratasi cha njano

Jana binti yangu alipekua kabati akitafuta rula, akaibuka na daftari langu la zamani la safari. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi cha njano cha kubandika, gundi imekwisha, pembe zimeng'olewa kwa meno.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha kufunika saa iliyokufa kwenye ndege."

"Kama imekufa, kuifunika kuna haja gani?"

Nikamwonyesha saa ya ukutani iliyosimama tangu Pasaka. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameitazama akaanza kukimbilia viatu.

Tulikuwa tumetoka Soroti kwenda Entebbe, Uganda, mwalimu wangu wa urubani kulia, mimi kushoto. Aprili, masika yamekolea. Urefu futi 8,000, mwendo noti 105, yaani maili za baharini kwa saa, uelekeo digrii 215. Tulipolivuka Ziwa Kyoga tukaingia wingu zito, na ncha ya bawa ikawa ya kukisia tu.

Ndege ndogo ya zamani ina vyombo sita vikuu mbele ya rubani, na havili chungu kimoja. Kipima mwendo, altimita inayosema urefu, na kipimo cha kupanda na kushuka vinategemea shinikizo la hewa ya nje. Upeo bandia, ule unaoonyesha ndege imelalia wapi, na kile cha uelekeo vina jairo ndani, gurudumu la kuzunguka kwa kasi, linaloendeshwa na hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Cha sita, kipima mgeuko, kinakula umeme. Walikigawa hivyo makusudi, ili mmoja akifa njaa wengine wasife naye.

Pampu yetu ilikufa mle winguni. Hakukuwa na mlio wala taa. Jairo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo ikikosa hewa haisimami ghafla. Inapungua nguvu kwa dakika kadhaa, na huku inainama taratibu. Upeo uliniambia ndege inalalia kulia. Nikasogeza usukani kidogo kushoto. Ukaniambia tena, nikasogeza tena. Jairo ya uelekeo nayo ilikuwa ikitambaa kivyake, na kwa kuwa nilitaka kuamini, niliona inakubaliana na upeo. Mashahidi wawili, mama mmoja.

Sikio halikunisaidia. Ndege ikizunguka kwa ulaini sekunde ishirini hivi, majimaji ya ndani ya sikio hutulia na mwili huapa kwamba unakwenda moja kwa moja. Hata kile kimpira cheusi cha chini ya kipima mgeuko kilikuwa katikati, maana kazi yake ni kusema kama ndege inateleza kando, hakina habari za ulalo.

Kilichonishtua ni sauti ya injini. Ilipanda nusu toni, kama mtu anayeanza kukasirika. Noti 118. Altimita: 7,700 na inashuka. Mkono ulitaka kuvuta usukani ili pua ipande, na hapo ndipo watu wanapofia: ndege iliyolala ukiivuta pua, haipandi, inakaza mzunguko tu.

"Usivute," mwalimu akasema. "Nani anakula umeme?"

Kipima mgeuko. Kindege chake kidogo kilikuwa kimelalia kushoto, zaidi ya alama. Nikapunguza moto, yaani nguvu ya injini, kwanza. Kisha nikanyoosha mabawa kwa kukitazama hicho peke yake. Mwisho, baada ya mabawa kunyooka, nikainua pua polepole mpaka altimita ikasimama kwenye 7,400. Mpangilio ni huo: moto, mabawa, pua. Mwili wote ulipiga kelele kwamba sasa tunaanguka kulia.

Mwalimu akagonga kwa kucha kipimo cha ufyonzaji, kile kidogo cha pembeni. Sifuri. "Sasa zika maiti," akasema. Nikang'ata pembe za kikaratasi nikaubandika upeo. Jairo ya uelekeo ikapata kipande cha kichwa cha ramani.

Tukaamua kurudi Soroti, tulikoacha anga safi. Tulipindia kulia, upande wa maji, badala ya kushoto kuelekea Mlima Elgon. Mlima ulikuwa mbali mno kutudhuru, lakini hakuna aliyetaka kupindia upande wake akiwa haoni. Bawa la kile kindege unaliweka kwenye alama, unaanza kuhesabu: digrii tatu kwa sekunde, dakika moja ni nusu duara. Kwa noti 105 ulalo wake ni kama digrii 16 tu, ingawa tumbo lilisema sitini. Dakika ilipotimia nikanyoosha, nikangoja dira ya sumaku itulie, maana dira haisomwi ndege ikiwa inageuka. Ikasema 050, nasi tulitaka 035, kinyume cha 215. Nikarudisha kushoto sekunde tano.

Hapa niwachekeshe kidogo. Kanuni niliyokariri ya jinsi dira inavyokosea ndege ikigeuka ilikuwa ya Ulaya, ambako sumaku inainamia kaskazini. Mstari wa ikweta uliochorwa pale Kayabwe kwa ajili ya picha za watalii hauihusu sumaku kabisa. Ikweta yake inapita mbali kaskazini ya Uganda, hivyo kwetu, hata Soroti, sindano inainamia kusini, tena kidogo tu. Kanuni yangu ningeitumia kinyume. Kuhesabu sekunde kuliniokoa na elimu yangu.

Baadaye wingu likachanika, ukaonekana mwamba wa Soroti. Kutua hakukuwa na habari.

Fundi alipoifungua pampu, akanimiminia kiganjani unga mweusi. Vipande vya kaboni vya ndani vimevunjika, na kiungio cha plastiki kimekatika, kama kilivyotengenezwa kikatike ili injini isiumie. Pampu kavu hufa hivyo, bila kuugua.

Au iliugua. Kabla ya kuruka, injini ikiwa mizunguko 1,700, unatazama kile kipimo kidogo: sindano iwe kati ya 4.5 na 5.5, inchi za zebaki. Orodha ya ukaguzi ya siku ile bado imebanwa na pini kwenye ukurasa huo, na mbele ya mstari wa ufyonzaji kuna tiki yangu ya kalamu ya bluu. Nimeikazia macho jana usiku. Naikumbuka kalamu. Sindano siikumbuki.