Wanafunzi "waliopotea" Uingereza

Hapa Nairobi mtu akinyimwa viza ya kusoma Uingereza, mtaa mzima unamwambia sababu ni moja, ati wanafunzi wakiingia huko hawarudi. Nimeisikia hii stori hadi nikachoka, so nikaenda kutafuta hiyo hesabu ya "hawarudi" ilitoka wapi na wacha niwaambie, ni kichekesho.

Kwa miaka mingi Uingereza hawakuwa wanahesabu kila anayetoka. Kuingia unakaguliwa vizuri, kutoka unapanda ndege na kwaheri. Walitegemea sarvei inaitwa International Passenger Survey, ilianza 1961, na lengo kubwa iliwekewa ilikuwa kuhesabu watalii na pesa zao, sio wahamiaji. Yaani abiria anakimbilia ndege na begi mgongoni, anasimamishwa na mtu ameshika fomu, anaulizwa unaenda kukaa muda gani na huku ulikuja kufanya nini. Wanaoulizwa ni wachache sana, halafu majibu yao yanazidishwa yasimamie wale wengine wote. Na anaulizwa nia yake tu! Nani hajawahi kusema anaenda miezi mitatu akakaa miaka mitano?

Sasa hiyo sarvei ikawa inaonyesha wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya wanaingia wengi na kutoka wachache, pengo linakaribia watu 100,000 kwa mwaka. Wanasiasa wakalidaka hilo pengo mbio. Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, sheria za wanafunzi zikakazwa, na ile ruhusa ya kubaki miaka miwili ufanye kazi ukimaliza shule ikafungwa 2012 (ilirudi 2021, baada ya watu kuumia).

Halafu Aprili 2015 wakaanza kukusanya rekodi za abiria wanaotoka na kuzilinganisha na viza. Ripoti ikatoka Agosti 2017: kwa wanafunzi ambao viza ziliisha na hawakuongezewa, karibu asilimia 97 walikuwa wameondoka kwa wakati. Asilimia tisini na saba bana! Kumbe wengi wa wale "waliopotea" ama walibadilisha viza kihalali ama walishaenda zao zamani na sarvei haikuwanasa.

Na usidhani siku hizi mambo ni shwari. Tofauti ya wahamiaji wote (sio wanafunzi tu) walioingia na waliotoka kwa mwaka ulioishia Juni 2023 ilitangazwa kwanza kuwa 672,000, ikapandishwa 740,000, halafu mwisho wa 2024 ikawa 906,000. Mwaka ni ule ule. Mimi hapo siwalaumu wanaohesabu, angalau wamerudi wakasema data imeboreshwa na hii ndio namba mpya. Wa kulaumu ni wanasiasa. Rishi Sunak akiwa waziri mkuu aliahidi kumaliza foleni ya maombi ya hifadhi ya wakimbizi, lakini alimaanisha yale tu yaliyoletwa kabla ya 28 Juni 2022, na Januari 2024 serikali ikatangaza imemaliza huku kesi kama 4,500 bado ziko mezani na foleni ya wapya iko palepale. Hadi mamlaka yao ya takwimu ikawakanya.

Lakini kuna kitu nawaonea wivu. Wizara yao ya mambo ya ndani inatoa majedwali kila miezi mitatu, bure, unafungua unatafuta mstari wa Kenya unaona walioomba viza wangapi, waliopewa wangapi, walionyimwa wangapi. Anayekuuzia uoga huko mtaani mwambie akuonyeshe huo mstari.

Kwetu Kenya, KNBS (shirika letu la takwimu) kwa ile ripoti yao ya Economic Survey ya kila mwaka wanatuambia pasipoti ngapi zimetolewa na vibali vya kazi vingapi, sawa, asante. Ila pasipoti ikitoka baada ya wiki moja au baada ya miezi mitano, kwa hiyo hesabu ni moja tu. Mimi ningeomba waongeze safu moja hapo kando, siku ngapi kutoka kupigwa picha hadi kuitwa kuichukua.